Kubadilisha plagi za maji kwenye injini ya Land Rover ya zamani

Kama una Land Rover Series yenye injini ya lita 2.25, ya petroli au ya dizeli, na kila asubuhi rejeta inadai maji ilhali hakuna mpira uliopasuka wala wota pampu inayodondosha, usikubali haraka kufunguliwa silinda hedi. Chukua tochi, chungulia ubavuni mwa bloku. Utaona vifuniko vya duara vya bati, vimezama kidogo ndani ya chuma, usawa wa silinda. Hizo ndizo plagi za maji. Mojawapo ikianza kuoza, gari hunywa maji kimyakimya kwa miezi, kisha siku moja katikati ya Mlima Kitonga linayamwaga yote kwa mpigo.

Injini hii ya sentimita za ujazo 2,286 ilianza na Series II mwaka 1958 kwa petroli, ya dizeli ikafuata mwaka 1961 na Series IIA, zikaendelea hadi Series III zilipokoma katikati ya miaka ya 1980. Hata changa kabisa kati yake ni mtu mzima sasa. Nyingi zimepitia mikononi mwa serikali, misheni, mashamba na kampuni za utalii kabla ya kukufikia wewe, na huko kote zilinyweshwa maji yoyote yaliyopatikana: ya bomba, ya kisima, ya mtoni. Ninayoyaeleza hapa yanafaa pia kwa injini nyingi za zamani zenye bloku ya chuma, ila mahali plagi zilipo na ukubwa wake utaangalia kwenye gari lako.

Plagi hizi zipo kwa sababu ya namna bloku inavyotengenezwa. Chuma kilichoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu ya mchanga, na ili njia za maji zibaki wazi kuzunguka silinda, ndani ya kalibu huwekwa umbo la mchanga ulioshikamanishwa, likishikiliwa na nguzo zinazotokeza ubavuni. Chuma kikipoa, mchanga hutolewa kupitia matundu ya zile nguzo. Kiwandani matundu hayo hukerezwa yawe duara kamili, kisha huzibwa kwa bati. Katika nchi za baridi wengi husadiki kwamba plagi ziliwekwa ili ziruke maji yakiganda na kutanuka, zinusuru bloku. Wakati mwingine huruka kweli, lakini mara nyingi bloku hupasuka hata hivyo. Kwetu sisi adui ni kutu. Bati la plagi ni jembamba kuliko sehemu nyingine yoyote ya ukuta wa bloku, kwa hiyo kutu ikila kutoka ndani, hapo ndipo inapotokea nje kwanza. Ukiona tundu la ukubwa wa sindano, jua upande wa pili bati limebaki kama karatasi.

Ndiyo maana sishauri kubadilisha moja. Zote zina umri uleule na zimeoga maji yaleyale. Ukishafungua manifoldi (mirija ya hewa na moshi iliyobanwa ubavuni mwa injini) kwa ajili ya moja, toa zote zilizo wazi mbele yako.

Hakikisha kwanza ni zenyewe

Injini ikiwa baridi, futa ubavu wa bloku kwa kitambaa na petroli kidogo, kisha ujaze rejeta na uwashe. Tafuta michirizi. Plagi inayovuja huacha alama ya kahawia chini yake, kama chozi lililokauka, au ya kijani ikiwa umetumia kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta. Zile zilizo nyuma ya manifoldi huoni maji kabisa, kwa kuwa yanakauka kabla hayajafika chini. Utasikia harufu, au utaona mvuke kidogo ukizima gari baada ya safari. Kioo kidogo cha mkononi kitakusaidia hapo.

Kuna plagi inayovuja injini ikiwa baridi tu, kwa sababu chuma kikipata joto kinatanuka na kubana. Hiyo ndiyo inayowapotosha mafundi: gari linafika gereji likiwa limechemka, kila kitu kikavu, wewe unaambiwa gasketi ya hedi imekufa. Liache lilale palepale, ulikague alfajiri kabla hujaliwasha.

Nyuma ya bloku nako kuna plagi, imefichwa na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na nyumba yake. Chini ya nyumba hiyo Land Rover ina tundu dogo, lile ambalo huzibwa kwa boliti maalumu ukitaka kuvuka mto. Liangalie. Likidondosha oili, ni sili ya nyuma ya krankshafti, na hilo karibu kila Land Rover inalo. Likidondosha maji, ni plagi ya nyuma, na kazi yako imekuwa kubwa. Nitaifikia.

Wapo watakaokuambia upake gundi ya chuma juu ya plagi iliyooza uendelee na safari. Kama shida ni kufika nyumbani, sawa. Lakini gundi inahitaji kitu kizima cha kushika, na bati lenyewe ndilo linaloondoka. Zaidi ya hayo, mfumo wa maji unafanya kazi kwa shinikizo. Hilo ndilo linalochelewesha maji kuchemka. Nairobi, kwenye mita kama 1,800 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Tundu dogo kwenye plagi likitoa shinikizo lote, umepoteza ile akiba uliyokuwa unaitegemea mlimani. Kwa dharura ni bora kubeba kwenye sanduku la spana plagi ya mpira, ile yenye boliti katikati: unaitia tunduni, unakaza nati, mpira unatanuka na kuziba. Ila nayo si ya kudumu.

Kununua

Usinunue kwa kukisia. Ng'oa moja kwanza, pima tundu kwa kalipa, ndipo uende dukani. Gari likiwa ndilo linalokupeleka kazini, agiza seti nzima ya injini yako kwa muuzaji wa vipuri vya Land Rover kabla hujaanza. Injini za Uingereza za wakati ule zilipimwa kwa inchi. Za Japani ni milimita. Ukienda Gerezani Dar au Kirinyaga Road Nairobi na kusema unataka plagi ya maji ya kama milimita arobaini na kitu, utapewa ya gari lingine inayokaribiana, na kwenye kazi hii kukaribiana hakutoshi. Plagi nzuri huwa kubwa kuliko tundu kwa sehemu chache tu za kumi za milimita. Ikizidi hapo inakunjamana, ikipungua inatoka.

Pima tundu pande tatu au nne. Likiwa limeliwa upande mmoja, ulizia plagi iliyozidi kipimo kidogo. Zipo kwa ukubwa unaotumika sana.

Kuna za chuma cha kawaida, za shaba na za chuma cha pua. Mimi huchukua za shaba. Haziozi kwa kutu, na kwa kuwa ni laini kidogo hukubali tundu ambalo si duara kamili. Za chuma cha pua zinadumu, lakini ni ngumu na hazisamehi tundu lililochakaa.

Angalia pia umbo. Aina ya kikombe ina kina na ukuta mfupi pembeni. Huo ukuta ndio unaobana. Aina ya sahani ni kipande cha bati kilichobinuka kidogo, hukaa kwenye ngazi iliyochongwa ndani ya tundu na hubanwa kwa kugongwa katikati hadi kinyooke. Hazibadilishani. Tundu lenye ngazi ni la sahani, tundu lililonyooka ni la kikombe.

Vifaa

Nyundo ya wastani, kipande cha nondo butu au panchi nene, praisi yenye meno mazuri, msasa namba 180 na 240, brashi ya waya, kalipa, beseni pana, na mpira wa maji wenye nguvu. Kitu kimoja zaidi kinastahili gharama: kigongeo. Wengi hutumia soketi kubwa, na soketi inafaa ikiwa inaingia ndani ya kikombe karibu kugusa kuta zake. Lakini ukimpelekea fundi wa mashine ya kukereza plagi yako mpya, atakutolea kwenye kipande cha chuma kigongeo kinachokaa kikombeni sawasawa, chenye mkono mrefu wa kukuwezesha kugonga kutoka mahali penye nafasi. Hiyo ndiyo inayotenganisha plagi iliyokaa wima na iliyoingia upande.

Kumwaga maji na kufungua njia

Injini iwe baridi kabisa. Toa waya wa betri, kwa kuwa utakuwa unapapasa vyuma karibu na stata. Fungua kifuniko cha rejeta, koki ya rejeta na ile ya kwenye bloku. Koki ya bloku mara nyingi inafunguka na hakitoki kitu. Si kwamba maji yameisha, ni tope limeziba. Chokoa kwa waya hadi yatoke. Kinga maji yote kwenye beseni. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa, kuku na watoto hawajui hilo.

Boliti na nati za manifoldi zipulizie mafuta ya kutu tangu jana yake. Stadi (boliti isiyo na kichwa) ikikatika ndani ya hedi, kazi ya nusu siku imegeuka ya wiki. Ukitoa manifoldi, hesabu na gasketi mpya yake kwenye bajeti. Kama plagi imefichwa na maunti ya injini, weka jeki chini ya sampu (bakuli la oili) ukitanguliza kipande cha ubao mnene, beba uzito kidogo tu, ndipo ufungue maunti. Usiinyanyue injini hadi feni ikaguse rejeta.

Kung'oa

Jambo la kwanza utakalotaka kufanya ni kupiga tindo katikati na kuchokonoa. Usifanye hivyo. Nyuma ya plagi, karibu sana, uko ukuta wa silinda. Ukiupiga kwa ncha kali unaweza kuupasua, na hapo hakuna plagi itakayokuokoa.

Weka nondo butu kwenye ukingo wa chini wa plagi, ndani kabisa ya kikombe, ugonge taratibu. Upande huo utaingia ndani na wa juu utatokeza nje, plagi igeuke ndani ya tundu lake. Ishike kwa praisi ule ukingo uliotokeza, utumie kichwa cha praisi kama wenzo dhidi ya bloku na kuivuta. Weka kibati kati ya praisi na bloku usije ukakwaruza mdomo wa tundu. Nyingi hutoka hivyo bila ugomvi.

Isiyotoka kwa njia hiyo itoboe tundu dogo katikati. Zungushia biti ya drili utepe kuonyesha kina cha milimita chache tu, na uache kusukuma mara ukihisi imepenya. Kisha kaza skrubu nene, uvute kwa wenzo. Ikiwa imeoza sana itavunjika vipande. Vitoe kimoja kimoja, uvipange mezani hadi viunge duara kamili. Kipande kilichobaki ndani kitazunguka na maji hadi kipate mahali pembamba pa kukwama.

Plagi ikidumbukia nzima ndani ya njia ya maji, usihangaike kwa pupa. Mara nyingi unaweza kuisimamisha kwa waya uliopindwa, ikae ubavu, kisha uivute kwa praisi ndefu kupitia tundu lilelile.

Kusafisha, ambako ndiko kwenye kazi

Sasa mulika ndani. Kwenye bloku iliyonyweshwa maji matupu utaona tope la kahawia, zito, limejaa hadi nusu ya tundu, na kwa nyuma, kuzunguka silinda ya nne, mara nyingi limejaa zaidi. Hapo ndipo mzunguko wa maji ulipo dhaifu. Wako watu waliobadilisha rejeta, thamostati na wota pampu kwa sababu gari linachemka, na muda wote silinda ya nne ilikuwa imezikwa kwenye udongo huu. Kufungua plagi ni nafasi adimu ya kuufikia, kwa hiyo usiipoteze kwa haraka ya kufunga.

Chukua waya mgumu, upinde ncha, uchokoe kila upande unaofikika, juu na chini, kisha piga maji kwa mpira kupitia tundu la juu yatokee la chini na kwenye koki. Rudia. Tope likigoma, lichokoe likiwa na unyevu, likikauka linakuwa kama saruji. Endelea hadi maji yatoke meupe na usikie waya ukigusa chuma badala ya kuzama. Rejeta ing'oe uisafishe kivyake kwa kupitisha maji kinyume, kutoka chini kwenda juu, la sivyo tope ulilolitikisa litaishia huko.

Kisha mdomo wa tundu. Toa gundi ya zamani na kutu yote, umalize kwa msasa ukizungusha kufuata duara. Usisugue kwa kwenda ndani na nje: kila mkwaruzo ulionyooka hivyo ni mfereji wa maji. Pitisha kidole. Shimo dogo la kutu lisilovuka upana wa ukuta wa tundu gundi italifunika. Linalokwenda kutoka ndani hadi nje linataka plagi iliyozidi kipimo, au fundi wa kukereza. Malizia kwa kitambaa chenye petroli, uache pakauke kabisa. Gundi haishiki juu ya unyevu, na bloku iliyotoka kuoshwa huendelea kutiririsha matone kutoka juu kwa muda. Subiri.

Kupiga mpya

Paka gundi ya gasketi isiyokauka ikawa ngumu, safu nyembamba, kuzunguka ukingo wa plagi na mdomo wa tundu. Nasisitiza nyembamba. Silikoni iliyojazwa kama siagi hukatika vipande ndani, na vipande hivyo hupenda sana mirija ya rejeta.

Kwa kikombe, sehemu iliyo wazi inatazama nje, kwako. Ikalishe mdomoni mwa tundu wima, ingiza kigongeo kiguse sakafu ya kikombe, kisha gonga mapigo machache madogo ukiangalia pande zote. Ikianza kuinama, gonga upande uliotokeza mara moja. Ikishaingia nusu imeinama, itoe na uchukue nyingine. Plagi iliyopinda haina toba. Usigonge ukingo wake wa nje, kwa kuwa huo ndio unaobana, na ukiupinda umeua kazi yake.

Wakati wa kuacha unajulikana kwa sikio na kwa jicho. Mwanzoni mlio ni wa bati. Ukingo wa nje wa kikombe unapozama milimita moja hivi chini ya mshazari wa mdomo wa tundu, mlio unakuwa mzito. Acha hapo. Kuendelea kugonga ili "iwe salama zaidi" ndiko kunakoitumbukiza ndani.

Kwa sahani, mgongo uliobinuka unatazama nje. Ikae kwenye ngazi yake, tumia kigongeo bapa chembamba kuliko plagi, piga pigo moja au mawili thabiti katikati hadi karibu inyooke. Kunyooka ndiko kunakosukuma ukingo nje ubane. Ikibonyea kuelekea ndani imevuka mpaka, haibani tena, weka nyingine.

Ya nyuma

Kuifikia kunataka giaboksi itoke, kisha klachi, flaiwili na nyumba yake. Kwenye Series hiyo ina maana ya kung'oa sakafu ya mbele na sanduku la viti, ama kutoa injini nzima kwa mbele. Ikiwa haivuji, mimi ningeiacha hadi siku ya kubadilisha klachi. Lakini siku hiyo ikifika usiirudishie ya zamani hata ikionekana nzuri vipi, na sili ya nyuma ya krankshafti ibadilishe papo hapo. Nyuma ya silinda hedi nako angalia kama kuna plagi. Ikiwepo, iko karibu na ukuta wa chumba cha dereva na inahitaji kigongeo kifupi na uvumilivu mwingi.

Kujaza na kujaribu

Ipe gundi muda ulioandikwa kwenye mrija wake. Jaza maji matupu kwanza, kwa kuwa kama kuna kinachovuja hutaki kumwaga kulanti ya hela. Fungua koki ya hita ili hewa itoke. Ukipata pampu ya kupimia shinikizo la rejeta, pandisha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta, uache robo saa. Mshale ukibaki palepale, umefaulu. Bila pampu, washa injini hadi thamostati ifunguke, mpira wa juu uwe wa moto, na umulike kila plagi.

Ikiwa kavu, mwaga maji hayo, ambayo yatatoka na kutu uliyoitikisa, na ujaze mchanganyiko wa kudumu: kulanti nusu, maji nusu, au kadiri kopo linavyoelekeza. Watu wa pwani huniuliza kulanti ya nini mahali pasipo barafu. Dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndiyo unayoinunua. Kuzuia kuganda ni nyongeza tu. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyokenekwa au ya mvua iliyokingwa safi. Ya kisima cha Dar au Mombasa yenye chumvi yatakula kila ulichofanya. Na ukinunua maji ya betri dukani, soma kopo: yawe maji yaliyokenekwa, si asidi.

Baada ya safari ya kwanza ndefu, acha gari lilale, na asubuhi injini ikiwa baridi rudi na tochi na kioo. Ukiona unyevunyevu kidogo unaozunguka plagi nzima, ipe siku chache, mara nyingi hujiziba. Tone linaloning'inia upande mmoja tu ni plagi iliyoingia upande, na hiyo itoe.